Nyimbo za Kiskoti kwa kinubi na sauti: mbona zangu zinatoka kama tenzi za kanisani?

Swali limetoka kwa dada anayeishi Glasgow, nalifupisha. Amekulia kwaya za PCEA (kanisa la Presbyterian) Kenya, anaimba alto, solfa (do re mi) anaisoma vizuri kabisa ila noti za mistari mitano bado zinamchelewesha. Sasa amepata clàrsach, kile kinubi cha Waskoti, nyuzi 34 na leva juu (vijiti vya kupandisha uzi nusu hatua), anataka kupanga nyimbo tatu nne za asili aimbe mwenyewe huku akipiga. Anasema: "Kila nikipanga zinatoka kama tenzi za kanisani, na kinubi kinanifunika nikiimba chini. Halafu niambie niimbe Kigaeli (lugha ya asili ya milimani na visiwani Uskoti) au nitafsiri Kiswahili, na kama naweza kurekodi bila kudaiwa hela."

Dada yangu, tuanze na hilo la tenzi maana ndo mzizi wa yote. Sisi tuliolelewa na kwaya tuna sauti nne kichwani muda wote, tukisikia melodi tu mkono unaanza kutafuta sauti za besi na tenor, kila noti inapewa kodi yake (zile kodi za gitaa, sauti tatu kwa pamoja), na mwisho wa mstari lazima so iende do ndo tujisikie tumefika. Kwa tenzi hiyo ni sawa kabisa, zimetungwa hivyo. Lakini nyimbo nyingi za asili za Uskoti hazikutungwa juu ya kodi. Zimeimbwa na mtu mmoja bila chombo chochote, jikoni, akikamua ng'ombe, akibembeleza mtoto, au wanawake wamezunguka meza wanapiga kitambaa cha sufu kilicholowa mpaka kikaze, mmoja anatoa mstari wengine wanaitikia. Yaani wimbo ulishakamilika kabla kinubi hakijaguswa. Kwa hiyo kazi yako siyo kuujazia kitu ulichopungukiwa, haujapungukiwa, kazi yako ni kuuwekea mtu wa pili pembeni, anayesikiliza na kujibu.

Ndo maana nakuomba, kabla hujagusa uzi hata mmoja, usikilize. Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha School of Scottish Studies mwaka 1951, na watu kama Calum Maclean na Hamish Henderson wakazunguka vijijini na visiwani na mashine za kurekodia. Sehemu kubwa ya hizo sauti leo iko wazi kwenye intaneti, tovuti inaitwa Tobar an Dualchais. Chagua wimbo wako, tafuta waimbaji watatu wa wimbo huohuo, wasikilize bila kuandika chochote. Halafu msikilize Flora MacNeil wa kisiwa cha Barra kwa Kigaeli, na Jeannie Robertson wa Aberdeen kwa zile balladi (nyimbo za hadithi) ndefu za Kiskoti. Angalia anapumua wapi, neno gani analichelewesha, silabi gani anaipitia haraka kama hajaiona. Hayo ndo yatakayokuambia kinubi kiingie wapi, siyo kitabu cha noti.

Na shida yako ni ya zamani, hata wakubwa imewapata. Miaka ya 1790 na kuendelea kuna bwana mmoja Edinburgh, George Thomson, alikuwa anawalipa watunzi wakubwa wa Ulaya wampangie nyimbo za Kiskoti kwa sauti, piano, violini na cello. Haydn alipanga nyingi mno, Beethoven naye, Opus 108 yake ni nyimbo 25 za Kiskoti. Mara nyingi Beethoven alitumiwa melodi tu, maneno hana, na akawa analalamika kwamba anayahitaji. Muziki uliotoka ni mzuri, mimi naupenda, lakini ukiusikiliza uko sebuleni Vienna, melodi imetandikiwa kodi zinazoisukuma kwenda mahali haikuwa inaenda. Kama mtu wa kiwango cha Beethoven akinyimwa maneno anatoka nje ya wimbo, basi wewe uliye na maneno mkononi usiyaache ukakimbilia kodi.

Kinubi chenyewe nacho kina historia yake. Vinubi vya zamani vya Wagaeli vilikuwa na nyuzi za waya, vikipigwa kwa kucha, na viwili maarufu, Queen Mary na Lamont, viko National Museum of Scotland hapo Edinburgh, ni mwendo mfupi tu kwa treni kutoka kwako, nenda ukavione. Baadaye upigaji huo ukafa. Kilichofufuliwa mwishoni mwa karne ya 19 ni kinubi kingine, nyuzi za utumbo (siku hizi na nailoni) na leva. Mwimbaji na mkusanyaji wa nyimbo Marjory Kennedy-Fraser alienda kisiwa cha Eriskay mwaka 1905, akarudi visiwani na mashine ya kurekodi kwenye mitungi ya nta, na kuanzia 1909 akachapisha nyimbo za Hebrides (visiwa vya magharibi mwa Uskoti) alizozipanga yeye, na binti yake Patuffa akawa anaziimba kwa kinubi jukwaani. Watu wamemlaumu sana kwamba alizipamba mpaka zikabadilika, na lawama ina ukweli, lakini ni yeye na binti yake waliowazoesha watu kusikia sauti na kinubi kwenye jukwaa la konseti, na mwaka 1931 ikaanzishwa Clarsach Society ambayo mpaka leo inafundisha na kukodisha vinubi. Kwa hiyo unachofanya siyo desturi ya miaka elfu, una uhuru kuliko unavyodhani.

Sasa tuingie kazini, na hapa solfa yako ni mtaji mkubwa. Andika melodi ya wimbo wako kwa solfa, halafu hesabu ni noti zipi hazipo. Mara nyingi sana utakuta do re mi so la, fa na ti hakuna kabisa au zinapita tu. Chukua ule wimbo ambao kila mtu anaujua, Auld Lang Syne, unaoimbwa mwaka mpya na hata huku kwetu watu wanauimba wakiagana. Mstari wa kwanza ni so (ya chini), do do do mi, re do re mi, do do mi so, la. Hakuna fa, hakuna ti. Sasa wewe wa kwaya ukifika kwenye re unaweka kodi ya so yenye fa juu yake, yaani so ti re fa, na hapohapo umeingiza wageni wawili ambao melodi yenyewe haikuwaalika, na hao ndo wanaokuletea harufu ya tenzi.

Jaribu hivi. Do iwe D, itakukaa vizuri, chini kabisa ni A iliyo chini ya C ya katikati na alto anaifika. Mkono wa kushoto piga do na so tu, kwa pamoja, mi usiiweke, ziache zilie. Ukifika kwenye re hamia so na re, bila ti katikati. Rudi do na so. Halafu inakuja ile la mwishoni, hapo una njia tatu: ukiweka fa na do chini yake inakuwa kanisa moja kwa moja, ukiweka la na mi inaingia huzuni, na ukibaki na do na so bila kuhama, la inaelea juu peke yake haijatua popote. Mimi ubeti wa kwanza naiacha ielee. La na mi nazitunza mpaka beti ya marafiki waliocheza pamoja kwenye maji ya kijito na sasa bahari imewatenganisha, hapo huzuni ina sababu. Uone tofauti inavyoletwa na noti mbili tu za mkono wa kushoto, wala hujaongeza chochote cha fundi.

Nyimbo nyingine haziishii kwenye do kabisa. Zipo zinazokaa la, zipo zinazokaa re, na zipo zinazokaa so, hizi za so zina ladha ileile ya bagpipe (zumari la mfuko). Usizilazimishe kurudi do. Na hapa kinubi cha leva kinakusaidia sana: weka leva zako ili Do iwe G na uziache hapohapo, wimbo wa re utakaa A, wa so utakaa D, wa la utakaa E, hujagusa leva hata moja. Kuna mtindo mmoja utaukuta kila mahali, hasa kwenye nyimbo za kazi na za kuchezea, wimbo unakaa mahali pake halafu unashuka hatua moja nzima kisha unarudi, kama uko A unashuka G unarudi A. Mkono wa kushoto ufuate hivyohivyo, A na E, halafu G na D, halafu A na E, umemaliza. Ukiingiza kodi ya D au ya E katikati kuulainisha ule mshuko unaua nguvu ya wimbo mzima.

Leva sasa, haraka. Vinubi vingi vya aina yako vinatyuniwa leva zote chini zikiwa Do ni E flati. Ukipandisha leva za nyuzi za A, Do inakuwa B flati, ongeza E unapata F, ongeza B unapata C, ongeza F unapata G, ongeza C unapata D, ongeza G unapata A. Kugeuza leva katikati ya ubeti inawezekana, mkono wa kushoto unaruka juu mara moja unarudi, lakini ukiwa unaimba wewe mwenyewe na bado mgeni wa chombo, panga mabadiliko yote yaangukie kati ya beti.

Kuhusu kukufunika. Sauti yako ya alto na nyuzi za katikati za kinubi ziko sehemu moja, zinagombania hewa ileile. Na ukipiga melodi ileile unayoimba, palepale unapoiimba, msikilizaji hajui asikilize nini, na maneno yanapotea. Kinubi cha nyuzi 34 kwa kawaida kinaanzia C iliyo oktavu mbili chini ya C ya katikati, una nafasi kubwa sana, itumie. Wakati unaimba acha tundu katikati: kushoto kuwe chini na noti mbili zilizoachana, do na so au do na do, kulia kuwe juu zaidi ya sauti yako au kunyamaze. Kule chini kabisa usiweke noti zilizokaribiana, do na mi kwenye nyuzi nene zinatoa ngurumo tu, mi ikihitajika ipeleke oktavu ya juu. Halafu ujue uzi wa kinubi hauzimiki wenyewe, besi uliyopiga mstari uliopita bado inalia wakati umeshahama, kwa hiyo jifunze kuzima, kiganja cha kushoto kinagusa nyuzi nene taratibu dakika ileile unapovuta pumzi. Hilo peke yake linasafisha nusu ya malalamiko yako.

Na kujibu ndo kama nilivyosema, mtu wa pili. Umeshasikia kanuni kwenye taarabu ya Zanzibar, mwimbaji anamaliza mstari na kanuni inaokota mkia wa melodi inaurudia na vikolombwezo vidogo halafu inamwachia tena? Fanya hivyo. Mwisho wa mstari unapovuta pumzi, mkono wa kulia unachukua noti tatu nne za mwisho ulizoimba, oktavu ya juu, haraka kidogo au kwa kuchelewa, kisha kimya. Wakati wa kuimba kinubi kinashikilia, wakati wa kupumua kinasema. Ukizoea hapo hutataka tena kodi kila pigo.

Kwenye kuandika, usianze na mistari ya pigo (ile ya wima inayogawa muziki kwa hesabu). Nyimbo nyingi za Kigaeli zinafuata usemaji, ubeti wa pili una silabi nyingi kuliko wa kwanza na mwimbaji anazipa nafasi bila kuhesabu moja mbili tatu. Ukishachora vizuizi vya pigo utaanza kuvitii. Andika maneno ya beti zote kwenye karatasi, nafasi kubwa kati ya mistari, halafu weka alama juu ya silabi pale tu kinubi kinapopigwa, pembeni andika do-so au la-mi. Ukurasa unaonekana mtupu, na hivyo ndo unavyotakiwa uonekane.

Nikuonyeshe kwa wimbo mmoja nilioukalia muda mrefu, Griogal Cridhe. Mwaka 1570 Gregor MacGregor wa Glenstrae alikatwa kichwa na Campbell wa Glenorchy, na mke wa Gregor mwenyewe alikuwa Campbell, waliomuua mumewe ni watu wa ukoo wake. Wimbo unahesabiwa kuwa ni wake, anambembeleza mtoto wao mdogo na hapohapo anamlilia baba wa mtoto huyo. Kiitikio ni sauti za kubembeleza, òbhan òbhan òbhan iri, kinachoishia na maneno ya kusema huzuni yangu ni kubwa. Sasa unapangaje? Wengi wanakimbilia maombolezo, kodi nzito nzito na mkwaruzo wa nyuzi nyingi. Mimi naona kinachouma ni kwamba mtoto lazima alale. Kwa hiyo mkono wa kushoto unafanya kitu kimoja tu, noti mbili, chini juu, chini juu, mwendo wa kupakata, haubadiliki kwenye kiitikio wala kwenye ubeti, kodi haihami hata kidogo. Hasira na uchungu viko kwenye maneno na sauti, mikono inaendelea kubembeleza.

Halafu unafika ubeti ambapo anasema waliweka kichwa chake juu ya gogo la mwaloni na damu yake wakaimwaga chini, na kama angekuwa na kikombe pale angeinywa akashiba. Hapo simamisha. Usifanye polepole ya kuzima mdogomdogo, mikono inaacha kabla ya neno la kwanza la ubeti, kiganja kimezima nyuzi zote, ubeti wote ni sauti yako peke yake. Kisha kiitikio kinarudi na noti zilezile mbili, kasi ileile ya mwanzo, maana mtoto bado hajalala. Nimeona wapigaji wanaongeza nyuzi kila ubeti mpaka mwisho unakuwa kelele tupu, wanafikiri wanajenga. Angalia maneno yanataka nini, wakati mwingine ubeti mzito ndo unaotaka kitu kidogo kuliko vyote.

Balladi za Kiskoti, zile za hadithi ndefu, ni suala tofauti kidogo, pale msikilizaji anafuata kisa kwa hiyo kinubi kibadilike kisa kinapobadilika tu, labda mara mbili tatu kwenye beti kumi na tano. Na kama unataka wimbo wenye mizizi ya kinubi kweli, uko Ae Fond Kiss. Mshairi Robert Burns aliandika maneno Desemba 1791 akimuaga Agnes McLehose aliyekuwa anasafiri kwenda Jamaica, na yakachapishwa na tuni iitwayo Rory Dall's Port, port ikiwa ni aina ya tuni za wapiga kinubi wa zamani. Tuni inayoimbwa zaidi leo ni nyingine, lakini itafute ile ya kwanza uijaribu, inakaa kwenye vidole vizuri sana.

Kigaeli au Kiswahili? Imba Kigaeli, ujifunze kwa mtu anayekizungumza, Glasgow wapo wengi na madarasa yapo. Sababu yangu ni ya kimuziki. Kigaeli kinatia mkazo silabi ya kwanza ya neno, na melodi za Kiskoti zimejaa ule mkato wa noti fupi yenye nguvu ikifuatwa na ndefu. Kiswahili kinavuta silabi ya pili kutoka mwisho kisha kinamalizia kwa fupi, ni kinyume chake kabisa, kwa hiyo tafsiri yako itakuwa inatamka maneno vibaya kila mstari au utalainisha ule mkato na wimbo ubaki mlegevu. Ukitaka watu wetu waelewe, soma tafsiri kwa sauti ya kawaida kabla ya kuimba huku kushoto kumeshaanza zile noti mbili, inapendeza na hakuna kilichoharibika. Kwa nyimbo zisizo na mkato mkali, za polepole, tafsiri inaweza kukubali, jaribu ubeti mmoja kwanza.

Kurekodi: wimbo wa asili wenyewe hauna mwenyewe, mpangilio una mwenyewe. Ukijifunza kutoka kitabu au albamu ya mpigaji wa leo na ukanakili jinsi alivyopanga, umechukua mali yake, na Uingereza hakimiliki inadumu miaka 70 baada ya mtunzi kufariki. Chunguza pia kama wimbo ni wa asili kweli, maana Wild Mountain Thyme kila mtu anaudhani wa zamani wakati unavyoimbwa leo umetoka kwa Francis McPeake wa Belfast, karne ya 20, akijenga juu ya wimbo wa Robert Tannahill, mshairi wa Uskoti. Ukishajiridhisha andika "wimbo wa asili, mpangilio wa" na jina lako, sajili mpangilio wako, na kwenye maelezo taja mwimbaji uliyemsikiliza ukajifunza kwake. Zile rekodi za Tobar an Dualchais ni za kusikiliza na kujifunza, ukitaka kuweka kipande cha sauti yenyewe ndani ya kazi yako omba ruhusa kwao kwanza.